Nati za Lori la Maziwa

Mpendwa Wangari,

Hapa Mweiga tuko salama. Guka, babu yako, amepona kikohozi na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama fundi wa huko Mombasa ni mkweli anaposema kwamba nati za magurudumu zikishika kutu ni za kukatwa tu. Mkatalie.

Miaka ile uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa mfagiaji wa gereji moja mjini Nyeri. Lori la maziwa lililetwa likiwa na pancha, nati zimeshika kutu. Mafundi walivuta mpaka wakavunja bolti moja. Nikachukua brashi ya waya.

"Ati nini? Wewe ni wa kufagia!" msimamizi akafoka.

"Nifukuze nikimaliza," nikamjibu.

Nilisugua kutu, nikatia mafuta ya taa, nikangoja wakinicheka. Kisha nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Nati zote zililegea, moja baada ya nyingine.

Nikamwambia dereva azifungue kila baada ya miezi michache, azisugue, azikaushe, ndipo azikaze. Nawe fanya hivyo.

Msimamizi alinyoosha mkono nimpe spana. Sikumpa. Kesho yake nilifika kazini nimevaa ovaroli ya fundi niliyojishonea.

Cucu, nyanya yako,
Nyokabi