Ufagio wa Mayu Minza

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha mitihani ya Historia mpaka mgongo umekataa. Mwaliko umekuja: filamu ya Jilala itaonyeshwa Jumamosi hapa Bariadi, kisha gari la sinema lizunguke vijijini. Jilala, mwendesha baiskeli wetu, aliyekuwa akiondoka na dume la ng'ombe kila mashindano ya mavuno, hadi alipokufa kwenye mteremko wa Ngulyati. Nilikuwa mtoto, nimesimama kando ya barabara. Niliona.

Nazijua filamu za mashujaa wa michezo. Bondia anafanywa maskini kuliko alivyokuwa. Mkimbiaji anashinda mbio ambazo hakukimbia. Uongo wa kupamba nauvumilia. Wa kumsingizia mtu, hapana. Hasira ninayo ya akiba.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetoka kuitazama filamu.

Jilala aling'oa breki mwenyewe. Waendeshaji wote wa mbio walifanya hivyo kupunguza uzito. Baiskeli yake ipo hadi leo, imeegemea ukuta ndani kwa mjane wake, Mayu Minza, yaani Mama Minza, kijijini Ngulyati. Haina breki. Mwongozaji hakwenda hata kuitazama. Kwenye filamu breki zipo, zinang'aa, na zinagoma kwa sababu alfajiri ile mwanamke mwenye macho mekundu ya kichawi alifagia nyayo za Jilala uani na kulitia vumbi kwenye kibuyu.

Kwetu mtu akienda safari, ua haufagiwi siku hiyo, asije akafutiwa njia ya kurudi. Mayu Minza alifagia. Ni kweli. Ng'ombe walikuwa wamechafua, na alitarajia wageni wa kulipokea dume. Alifagia kwa sababu alikuwa na hakika mumewe atashinda. Amenisimulia mwenyewe. Uvumi wa wakati ule, kwamba alimroga, ulizikwa pamoja na wazee waliouanzisha, na sijui nani kaufukua.

Taa zilipowashwa nikachukua kipaza sauti. Nikawasomea somo zima. Nikasema mwanamke yule ana jina, ni Minza, mjane wa Jilala, yu hai, anakaa Ngulyati, na anastahili kuombwa radhi. Makofi mengi. Mwongozaji, kijana mpole kutoka Dar, alisubiri yaishe.

"Mama, sisi hatukumtaja mtu," akasema. "Umemtaja wewe."

Ukumbini nilimwona mjinga. Nimefika nyumbani, mjinga ni mwingine.

Jumatatu, 10 Juni
Video yangu inazunguka kwenye simu. Wamekata habari ya breki. Vimebaki jina na kijiji, vimeunganishwa na yale macho mekundu ya kwenye filamu.

Mwalimu wa Fizikia, mwenye shahada, kaniuliza kama ni kweli alifagia. Nikamweleza uzito, mteremko, mwendo kasi, mambo anayoyafundisha mwenyewe kila siku. Akasikiliza kwa adabu.

"Sawa, Mwalimu. Lakini alifagia."

Alhamisi, 13 Juni
Ngulyati. Bodaboda kanishusha mbali na nyumba, kasema njia ni mbaya. Njia ni nzuri.

Nikamwamkia Kisukuma: mwangaluka, mayu. Kaitikia kama kawaida, kanipa kigoda. Macho yake ni mekundu, ndiyo. Ni moshi: anapikia samadi iliyokauka, miti ilishakwisha huku. Nusu ya wanawake wa mkoa huu wana macho hayo. Yangu yameanza.

Kisimani wenzake huondoka akifika. Mbwa wake kakutwa getini asubuhi amekufa, povu mdomoni. Kamzika mwenyewe. Nikamsihi aje kwangu mjini.

"Ng'wanone, mwanangu, nikiondoka watasema nimekimbia."

Nikapiga picha ya baiskeli, kila upande, mahali pasipo na breki paonekane vizuri.

Jumapili, 16 Juni
Picha nimeituma kila mahali, na makala. Niliamini ushahidi ungemaliza kazi. Jibu la kwanza: "Kumbe bibi alizing'oa na breki." Wengine wakacheka, wakalisambaza. Hadi jioni ndiyo imekuwa habari yenyewe.

Nimempigia mwongozaji. Nimemwomba, mimi niliyetaka kumfundisha. Aruke Ngulyati tu. Kasema ratiba imepangwa, ataongeza maandishi mwishoni kwamba hadithi ni ya kubuni. Nani anasoma maandishi ya mwisho? Watu huwa wanatafuta ndala zao gizani.

Polisi wamenisikiliza, wameahidi kupita. Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa.

Jumatano, 19 Juni
Leo filamu ni Ngulyati. Nimekwenda asubuhi na gari la kuazima. Mlango wa Mayu Minza umekatwa panga, alama moja tu, katikati. Safari hii hakubisha. Kachukua sufuria, blanketi na ufagio wake. Baiskeli tumeifunga juu ya gari. Majirani walisimama kwenye pamba yao iliyokwisha kuchumwa, wakatutazama tukipita. Hakuna aliyepunga mkono. Wengine nimewafundisha.

Usiku simu imelia. Nyumba yake imechomwa. Watu wametoka kwenye filamu wakaenda moja kwa moja.

Sikumwambia. Alijua kwa jinsi nilivyoshika simu. Akauliza kama kuku wamepona.

Ijumaa, 21 Juni
Mwenye duka jirani kaniuliza mgeni wangu ni nani. Nikasema mama yangu mdogo. Historia yangu ya kwanza ya uongo, na nimeisema bila kukwama.

Jumamosi, 22 Juni
Leo gari la sinema lilikuwa Nyalikungu. Nimekwenda na picha ya baiskeli. Nimesema habari ya breki, habari ya uzito, basi. Jina sikutaja. Watu waliniangalia kama mtu anayezungumzia mambo ya mafundi.

Asubuhi nilipokuwa natoka Mayu Minza alikuwa uani na ufagio mkononi. Kanitakia safari njema. Nimefika getini nikageuka. Nikatazama nyayo zangu vumbini, kisha nikatazama ufagio. Sikusema neno. Naapa sikusema neno.

Aliona. Akauegemeza ufagio ukutani taratibu, akaingia ndani.

Nimerudi usiku, mbalamwezi ikiwaka. Kapika wali, kanisubiri tule pamoja. Ua haukufagiwa. Nyayo zangu zipo zote, kutoka mlangoni hadi getini, na pale nilipogeuka.