Chanjo ya Salima

Mpendwa mdogo wangu Mwajuma,

Barua yako imenifikia Alhamisi, mkononi mwa dereva wa lori la korosho. Nilipoiona bahasha nikajua si mwandiko wa shemeji Athumani. Herufi kubwa, zinapanda na kushuka, na jina langu umelikata katikati, "Zu" mstari wa juu na "hura" mstari wa chini. Nikaifungua papo hapo mlangoni. "Dada, nimejua kusoma. Barua hii nimeandika mie mwenyewe." Sikuendelea. Nilikaa kizingitini nikalia mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuniuliza nani kafariki.

Nikamwambia hakuna aliyefariki, ni mdogo wangu kahitimu kisomo cha watu wazima. Akacheka, akasema hayo ni ya kupigiwa vigelegele. Ni kweli. Nimefurahi, Mwajuma, na ungekuwa hapa ningekubeba mgongoni kama zamani. Lakini nilipomaliza kusoma, furaha ile ikaingiwa na kitu kingine.

Miaka hii yote barua zangu amekusomea shemeji. Kila neno langu limepita kinywani mwake kabla ya kufika sikioni mwako. Kuna jambo moja ambalo sikuweza kulipitisha njia hiyo, na nilijiambia kwamba kama si hivyo ningekwisha kukwambia. Sasa unasoma mwenyewe. Kisingizio kimekwisha.

Umeniuliza jambo. Umesema watu wa sindano watakuja kijijini kwenu baada ya mavuno, kuchanja watoto surua. Shemeji amesema mwanenu Rajabu haendi. Wewe umemjibu, "Ngoja kwanza nimuulize dada." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko mengine yote. Baada ya yaliyotokea, bado wewe unamuuliza dada.

Unakumbuka siku walipokuja wachanjaji wa ndui, tukiwa wadogo pale Temeke? Mie nilikwisha kuchanjwa, wewe ukajificha nyuma ya pipa la maji, ukatoa kichwa tu. Ukaniuliza, "Inauma?" Nikakwambia haiumi hata kidogo. Ukatoka, ukanyoosha mkono. Iliuma, tena sana, na hukunisemesha mchana kutwa. Alasiri ukaja ukaketi karibu yangu, ukanimegea muhogo wako. Marehemu mama alikuwa na msemo wake, kwamba Mwajuma haamini mtu duniani ila dadake. Alikuwa akiusema kwa kucheka. Mie nilikuwa naona fahari.

Nilipopata kazi ya uuguzi msaidizi pale zahanati, wewe ndiye uliyenifulia gauni jeupe la kwanza ukalipiga pasi ya mkaa. Halafu ukaolewa na Athumani, mkahamia Kurasini karibu na kazi yake ya upakuzi bandarini, na Mungu akakupa Salima.

Najua hulitaji jina lake. Nivumilie nilitaje. Mie sijajaliwa mtoto, lakini kwa Salima nilikuwa Mamkubwa, na yeye alisema "Makuba", akilivuta lile "ba" mpaka pumzi iishe. Alikuwa akiupuliza uji hata ukiwa umepoa, kwa sababu alikuona wewe ukipuliza. Akipewa maji ya mtungini, anayapuliza nayo. Shemeji akicheka, na yeye anacheka, hajui kinachochekwa.

Chanjo ya surua ilipofika zahanati kwetu, nilikuja Kurasini nikiwa nimevaa sare, makusudi, ili majirani zako wanione. Wanawake wa pale uani walisema sindano ndiyo inayoleta surua, tena surua haitaki sindano, ukimchoma mtoto vipele vinarudi ndani na kumuua. Uliwasikiliza wao, ukanisikiliza na mie. Jirani zako walipoondoka ukaniuliza, "Dada, angekuwa wako ungemchoma?"

Nikakujibu, "Ningemchoma wa kwanza. Akishachanjwa huyu, surua itapita mlango wa jirani na hapa haiingii."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sijayasahau.

Sasa nikwambie usiyoyajua.

Chanjo ile tulikuwa tunaitunza kwenye jokofu la mafuta ya taa. Umeliona mwenyewe, lile kabati jeupe kwenye kona, lenye utambi unaowaka chini yake. Kulitunza ilikuwa kazi yangu. Wiki ile kabla ya siku ya kuchanja, mafuta ya taa yaliadimika Dar es Salaam nzima, duka la ushirika halikuwa hata na tone. Jumamosi kabla ya kufunga nilipima tangi, nikaona mafuta yako chini kabisa. Nikasema yatafika Jumatatu. Ningeweza kuzunguka kuomba. Nilikuwa nimechoka, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu asubuhi nilikuta utambi umezimika. Nilipofungua mlango wa jokofu sikupata ule ubaridi usoni. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sakafu. Nikachukua kichupa kimoja, nikakishika kiganjani. Kilikuwa vuguvugu, Mwajuma, kama yai lililotoka kutagwa.

Nikakimbilia nyumba ya mwalimu jirani, akanigawia mafuta kidogo, nikawasha. Tuliambiwa chanjo iwekwe penye baridi, ila hatukuambiwa ikipata joto inakuwaje. Nilidhani ni kama maziwa, yakiharibika utayajua kwa harufu. Nikakitazama kichupa. Unga ni ule ule, rangi ile ile. Lakini moyo wangu ulisita, na hilo ndilo ninalokuungamia. Siwezi kusema sikujua kitu. Sikujua, na nilishuku.

Bwana Mganga, mkubwa wangu, alikuwa amekwenda mkutanoni mjini, sikuwa na wa kumuuliza. Nje kina mama walikwisha jaa kwenye mabenchi mpaka kwenye michongoma. Mabalozi wa nyumba kumi kumi walikuwa wamewabembeleza wiki nzima. Nikafikiri, nikiwarudisha leo hawaji tena. Kisha nikakuona. Umetembea kwa miguu toka Kurasini, vumbi limekufika magotini, na Salima umemvika gauni la njano alilonunuliwa Idi. Ukanitazama kama mtu aliyemaliza kazi ngumu aliyotumwa. Nilikuwa na neno mdomoni, "Rudini kesho." Nikalimeza. Nikachanganya dawa, nikachoma.

Ulipofika kwangu ukaniuliza, "Ndiyo tayari, Dada?" Nikasema tayari.

Surua ilipoingia Kurasini miezi kadhaa baadaye, uani kwenu aliugua kwanza mtoto wa jirani, yule aliyekuwa akicheza na Salima. Wengine waliwafungia watoto wao ndani. Wewe hukumfungia. Nilipopita kuwaona uliniambia, kwa sauti ya kutaka wale majirani wasikie, "Wangu kachanjwa." Salima alikuwa amekaa mkekani kwa yule mgonjwa, wanakula chungwa moja. Nikamwona, nikapita.

Wiki mbili hazikutimia. Macho yakawa mekundu, homa, kisha vipele nyuma ya masikio. Uliponiita nilikuja mbio, na hata hapo ulikuwa hujatishika, ulisema labda ni joto la jua. Kinywa kilipotoka vidonda, akawa hawezi kumeza. Akawa anaomba maji, akipewa analia. Kifua kikabana. Tulimpeleka hospitali, wewe mbele umempakata, shemeji nyuma ameshika kiatu kimoja cha mtoto, sijui kwa nini alikibeba. Daktari alifanya aliloweza. Alasiri ya siku ya pili, akiwa mapajani mwako, alinitazama akafumbua midomo. Nilidhani ataniita. Hakuniita.

Maziko yalikwisha, wanawake wakawa wanapakua chakula. Ulikuwa umeegemea ukuta, khanga umejifunika mpaka kwenye paji la uso. Nilipokaa karibu yako ulisema neno moja tu, tena bila ukali.

"Dada, si ulisema?"

Nikakujibu, "Ni kazi ya Mungu, mdogo wangu."

Nimefanya makosa mengine maishani, lakini hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote. Nililitaja jina la Mwenyezi Mungu nikajificha nyuma yake. Wala bado sikuwa na hakika ya kilichotokea. Nilikuwa na kile kichupa vuguvugu tu kichwani, na niliogopa kukitazama.

Mkakaa kidogo, kisha shemeji akasema mji umemshinda. Serikali ilikuwa inahimiza watu wahamie vijijini, naye akajiandikisha, mkarudi Kusini kulima korosho na mihogo. Siku ya safari nilikuja kuwasindikiza. Uliniaga kwa adabu, ukanishika mkono kama mtu anavyomshika mgeni.

Baada ya hapo ndipo tulipoitwa semina. Mkufunzi mmoja alitoka wizarani, mama mpole, amekuja na kasha la barafu na kipimajoto. Akatueleza kuwa wataalamu wamechunguza zile chanjo kwa muda mrefu na wamegundua kwamba tatizo haliko kwenye dawa pekee, liko njiani, kutoka uwanja wa ndege mpaka mkononi mwa mtoto. Chanjo ya surua ina uhai ndani yake, akasema. Ikipata joto inakufa, na ikishakufa hata ukiigandisha upya haifufuki, na kwa macho hutaitambua.

Mwenzangu mmoja aliuliza, "Na mtoto aliyechomwa ile iliyokufa?"

Mama yule akasema, "Huyo hajachanjwa. Kachomwa maji. Na mama yake anarudi nyumbani akijua amekingwa, hiyo ndiyo hatari zaidi."

Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mie niliona lile chungwa moja, watoto wawili.

Nilimwendea Bwana Mganga nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema, "Zuhura, hili ukilitangaza, hakuna mama atakayerudi hapa. Wataugua wengi kuliko hao wa Jumatatu. Watafute, uwarudie sindano, na ulimi uuzuie." Sikujua kama alikuwa na haki. Mpaka leo sijui. Nikachukua daftari la siku ile, nikaenda mlango kwa mlango na balozi, Temeke, Mtoni, mpaka kwenu Kurasini. Niliwaambia kina mama kwamba serikali imeagiza watoto warudiwe. Wengi walikuja. Wengine walikwisha hama, sikuwapata, na siijui hali yao. Kwenye daftari lile jina la Salima liko kwa mwandiko wangu, na mbele yake nimeandika "amechanjwa". Sikulifuta. Sikujua niandike nini badala yake.

Tangu semina ile sijaruhusu tangi kukauka. Lakini hilo ni la watoto wengine. Kwako halikuleta kitu.

Nimekwisha kukwambia, Mwajuma. Siombi unisamehe kwa barua hii. Ukiamua kuisoma mara moja ukaichoma jikoni, ni haki yako. Ukitaka kumsomea shemeji, msomee, na anachotaka kunijibu anijibu. Nilikuwa nataka nikae na siri yangu nife nayo, ila umeniuliza kuhusu Rajabu, na siwezi kukujibu kwa uongo mara ya pili.

Majirani zako wa Kurasini walisema sindano ndiyo iliyomuua Salima. Shemeji naona anaamini hivyo. Haikumuua. Aliuawa na surua, kwa sababu dada yako alimchoma dawa iliyokwisha kufa na hakusema. Usimtoze Rajabu kosa langu. Chanjo iliyo hai inakinga. Nimeiona kwa macho yangu: surua ilipopita tena mwaka jana, wale niliowarudia walikuwa wanacheza nje.

Kwa hiyo siku hiyo wakija, nenda. Wala usiende kwa kuniamini mie. Wahi mapema, kabla jua halijapanda. Kabla hajachomwa mtoto, mwombe mchanjaji akufungulie kasha. Atashangaa, labda atakukaripia, useme hivyo hivyo, kwa adabu, mpaka afungue. Tia mkono wako mwenyewe ndani. Ukikuta barafu, na vichupa vina baridi ya kukuuma vidole, mpe Rajabu. Ukikuta maji, mchukue mwanao urudi nyumbani, na uwaambie wenzako wote walio kwenye foleni kwa nini unarudi. Useme kwa sauti. Lile nililopaswa kulisema mie siku ile.

Nisalimie shemeji, kama utaona inafaa. Rajabu simjui sura, nimemfumia kofia ya uzi mweupe, nimempa dereva wa lori.

Mungu akulinde, mdogo wangu, na akupe nguvu ya kuusoma mstari huu wa mwisho.

Ni mie dada yako,
Mamkubwa wa Salima