Mpini Unaosubiri Chapa

6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimeshakuaga. Mama naye mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, ila vumbi la mbao limehamia puani, kama kawaida ya ukoo wetu.

Kwenye kifurushi hiki kuna mpini mpya wa fimbo yako ya kuvulia. Ule wa zamani uliofungwa kwa kamba za viatu sasa upumzike. Nimeukereza mwenyewe kwa kipande cha mbao ya msaji. Mkono wako nimeupima kwa kumbukumbu tu, na kile kidole kilichokatika ncha nimekichimbia kishimo chake. Nimeupulizia vanishi kwa bomba la kiwandani, mikono minne, tabaka juu ya tabaka, kwa alasiri moja. Ukiutazama unajiona mpaka ndevu.

Sasa neno langu. Unakumbuka kigoda changu, miaka sita iliyopita, ulichokataa kukipiga chapa ya moto yenye jina lako? Ulisema mbele za watu, "Chapa ya Msasa haikai kwenye kazi ya kubahatisha." Nikafunga virago nikaja huku kwenye kiwanda cha milango. Sikukasirika. Haya, nilikasirika. Leo nimepata chumba cha karakana yangu mwenyewe, funguo ninazo, na kibao cha mlangoni nimeshakichonga. Lakini sikitundiki mpaka kazi yangu moja ipite mikononi mwako. Ukiridhika, upige chapa mpini huo, uniandikie.

Binti yako,
Kibanzi


11 Machi

Mwanangu Kibanzi,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia mama yako anayenikataza kwenda bwawani. Mguu wake siku hizi unatembea kuliko yangu yote miwili. Anakusalimu sana.

Mpini nimeupokea. Siku ya kwanza kwenda nao bwawani, mshona viatu, mwenzangu wa kuvua, aliniuliza nimeununua duka gani. Nikamwambia kitu hiki hakipatikani dukani, ni mkono wa mwanangu. Na kile kishimo cha kidole kimenikaa sawasawa.

Sasa pokea na ukweli, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Ukiwa mkavu, mpini wako ni bibi harusi. Ukilowa utelezi wa samaki, ni sabuni. Kambale mmoja alivuta, fimbo ikanichomoka, mshona viatu akaifuata majini na suruali yake mpya. Mpaka leo hanisemeshi vizuri.

Liko baya zaidi. Wiki ya tatu kitako kimevimba, vanishi imekuwa nyeupe na inabanduka. Nikaugeuza nitazame chini. Hakuna hata tone la vanishi! Nikacheka peke yangu, nimejua umeyatoa wapi haya. Ni milango, mwanangu. Mlango hampaki chini kwa sababu hakuna mtu anayelala sakafuni kuutazama. Lakini mlango haukai majini. Fimbo yangu naisimamisha kwenye jiwe lililolowa, kutwa nzima, na mbao hunywa maji pale nyuzi zilipokatwa. Ndipo hapo ulipopaacha wazi.

Chapa sijapiga. Ninakurudishia mpini. Usiwe na haraka.

Baba yako,
Msasa


30 Juni

Baba,

Shikamoo. Naamini nyote hamjambo. Unisamehe kwa kimya changu. Barua yako niliisoma nikaitupa kwenye droo pamoja na mpini, nikasema mzee huyu hata ningemshushia mwezi angesema una vumbi. Mwezi mzima sikuugusa. Kibao kimeegemea ukuta, wateja wanauliza mbona karakana haina jina, nami nawajibu kinakauka.

Halafu siku moja kiwandani nilipita karibu na mlango uliorudishwa na mteja. Nikainama, nikapapasa chini. Umevimba, baba! Niliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Sasa milango yote ya zamu yangu inapakwa mpaka chini. Msimamizi analalamika inakula vanishi. Nimemwambia malalamiko apeleke kwa Msasa.

Nikakata vipande vitatu vya msaji uleule. Kimoja nilikipaka vanishi, cha pili gundi ya boti, ile ya kuchanganya chupa mbili, cha tatu mafuta ya mbegu za kitani. Wiki tatu nikavitesa: asubuhi juu ya bati juani, jioni kwenye ndoo ya maji ya kuoshea samaki. Kisha nikavishika kwa mikono yenye utelezi, nikamwambia mpangaji mwenzangu avute kwa nguvu zake zote. Cha vanishi alikichukua bila jasho. Cha gundi hakikuingiza maji, lakini nacho kiliteleza, na kilipogongwa na jiwe kikamomonyoka, na dawa yake ni kukwangua chote uanze upya. Cha mafuta kilipauka tu. Nilikipaka tena kikarudi, na mpangaji alivuta mpaka akakaa chini, maana nyuzi za mbao zinashika kiganja.

Nikachagua mafuta. Nimekwangua vanishi yote mpaka mbao tupu. Kitako nimekisimamisha kwenye kikombe cha mafuta siku tatu, kikanywa mpaka kikakataa. Mwili mzima nimeupaka mikono tisa myembamba, na kila mmoja nilisubiri mpaka pua isinuse mafuta ndipo nipake mwingine. Matambara niliyatandaza juani. Sikuyakunja yakajiwasha moto, kama ulivyonifokea nikiwa na miaka kumi.

Haung'ai, baba. Ndevu zako hutaziona. Chapa bado naitaka, sikufichi. Lakini safari hii hata ukiukataa, mimi nimeridhika nao.

Binti yako,
Kibanzi


19 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima. Sikunyamaza kwa ubaya, nilikuwa nautesa mpini wako. Nimeuchomeka kwenye matope. Nimeusahau mvuani kwa makusudi. Mama yako ameukorogea nguo kwenye maji ya sabuni, bila ruhusa yangu. Kitako hakijavimba hata unene wa karatasi. Na yule kambale, au ndugu yake, alirudi, na safari hii aliyehama ni yeye. Tumemla. Mshona viatu aliomba aushike mpini mara moja, nikamhesabia mpaka tano nikamnyang'anya.

Nimetafuta kasoro, nimekosa. Miaka arobaini sijawahi kukosa kasoro, hata kwenye kazi zangu mwenyewe. Basi nikawasha moto, nikaiweka chapa yangu mpaka ikawa nyekundu. Mama yako kasimama kando anangoja. Nikaiinua, nikairudisha chini. Chapa ya Msasa inasema, kazi hii nimeifanya mimi. Na mimi nisingeiweza, mwanangu. Maisha yangu yote kitako nilikipaka mara mbili nikaona nimemaliza. Habari ya kikombe sikuwahi kuiwaza.

Nikaenda kwa mhunzi nikaagiza chapa nyingine. Imeandikwa KIBANZI, jina nililokupa ulipokuwa unalala kwenye maranda chini ya meza yangu. Utaikuta ndani ya kifurushi. Nimeitumia mara moja tu, kwenye mpini, na mpini haurudi huko, ni wangu. Chapa imekaa upande. Nimeiwekea karatasi nikaisugua kwa penseli ili nawe uione.

Kigoda kile kilistahili kunyimwa chapa. Lakini wewe hukustahili maneno yale, tena mbele za watu. Nisamehe. Najivunia wewe, na bwawani wameshachoka kunisikia. Tundika kibao.

Baba yako,
Msasa


2 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nimelia vizuri na sasa nimenawa. Kibao kimetundikwa leo asubuhi. Nimekipaka mafuta mpaka nyuma na chini, ingawa hakuna atakayepaona, na kwenye pembe nimepiga chapa yangu.

Karatasi yako ya penseli nimeipima kwa rula. Ni kweli, chapa imekaa upande. Ingekuwa ni kazi yangu, ungenirudishia niikwangue.

Usithubutu kuigusa.

Binti yako,
Kibanzi, fundi mkerezaji