Kuku wa Mama Mkwe

Jumamosi, 16 Novemba 2013. Makere.
Madaftari ya kidato cha pili bado hayajasahihishwa. Mama mkwe amerudi na kikapu cha uyoga wa porini, kutoka upande wa Kagerankanda. Ule mweupe siujui. Nikasema. Akanijibu kwamba uyoga haufundishwi darasani. Amemtupia kuku kipande, kama kawaida yake: kuku akiamka mzima, tunapika. Simpendi mama huyu.

Jumapili, 17 Novemba
Kuku mzima, anachakura uani. Nimesusa chakula. Si busara, hasira tu. Mama mkwe kala maharage, uyoga wote akampakulia mwanawe. Mume wangu Filbert kafuta na sahani.

Jumatatu, 18 Novemba
Filbert katapika na kuhara usiku kucha. Hospitali, Kasulu. Dripu. Mama mkwe anawaambia ndugu kuwa mimi sikula, kwa hiyo nilijua. Mchawi, kwa kifupi.

Jumanne, 19 Novemba
Filbert kaomba uji. Kacheka. Daktari alitaka abaki. Nikamweleza habari za kuku, akamuuliza mama mkwe, aliyefika asubuhi kutoka nyumbani, kama kuku bado yupo. "Mzima," akajibu. Tukaruhusiwa.

Alhamisi, 21 Novemba
Macho ya manjano. Tumerudishwa wodini. Daktari kanieleza, mengine nimesoma mwenyewe. Uyoga ule una sumu zaidi ya moja. Moja hung'ang'ania nyuzi nyembamba zinazoipa seli ya ini umbo lake. Nyuzi hukakamaa, seli ikaharibika. Lakini hiyo ukiila, utumbo hauipitishi hadi kwenye ini. Inayoua ni nyingine: huizuia seli kutengeneza protini, kimyakimya, mgonjwa akidhani amepona. Na mimi miaka yote nachora seli kama duara tupu. Namchukia mama mkwe. Nauchukia na ubao wangu.

Jumamosi, 23 Novemba
Filbert amefariki. Msibani hakuna aliyekunywa chai niliyomimina mimi.

Jumapili, 1 Desemba
Matanga yameisha. Nimelima nyuma ya migomba, nipande maharage. Jembe likafukua manyoya. Kuku yule, kaviringishwa kwenye kipande cha kanga. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza alikufa lini.
"Jumanne, mwanangu. Kabla sijaja hospitali."
Mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo.
Nikamfukia tena. Maharage nimepanda pembeni.
Jioni kamimina chai, kaonja yeye kwanza, akanisogezea kikombe. Kipo hapa mezani. Chai imepoa.