Makofi ya Msibani

S.L.P. 87,
Kizwite,
Sumbawanga.

22 Agosti 1976

Mpendwa mdogo wangu Gaudensi,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi na upepo. U hali gani? Shemeji yangu Marsiana hajambo? Na miguu ya mama yako, Mama Silvana, bado inavimba kwa joto la Dar es Salaam, au ile dawa ya hospitali imemfaa? Sisi tu wazima wa mwili. Mke wangu Cornelia alisumbuliwa na kikohozi cha vumbi lakini sasa anapumua vizuri. Mahindi tumeingiza ghalani na ulezi umekauka. Nasema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu haujatulia. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, mimi ambaye wahariri wa magazeti wananijua kwa kutopunguza neno.

Nianze na sinema, maana najua ukiona mwandiko wangu ndiyo unayoitafuta kwanza.

Mwezi huu tulikuwa na Juma la Filamu mjini kwetu, katika ukumbi wa Zubery, yule mwenye duka la vitambaa na malori. Nilihudhuria kila siku. Tulianza na filamu ya Kihindi. Mama kipofu anapotezana na mwanawe, na baada ya saa tatu za nyimbo anamtambua kwa kumpapasa uso. Ukumbi mzima ulilia. Mimi nilisimama nikauliza kwa sauti kwa nini alipokutana naye sokoni mwanzoni hakumpapasa, twende zetu nyumbani mapema. Zubery akanijibu kutoka mlangoni: "Bwana Basil, wewe peke yako ndiye unayelipa kiingilio ili ugombane na ukuta!" Watu wakacheka, nami nikakaa.

Siku ya pili ilikuwa karate. Steringi aliua kijiji kizima na shati lake halikutoka hata kifungo. Vijana walitoka wakirushiana mateke hadi stendi. Siku ya tatu tuliletewa filamu ya nchi moja rafiki ya Ulaya, ambamo steringi alikuwa trekta. Sitanii. Trekta lilipewa muda mrefu kuliko mtu yeyote, na mchumba wa dereva alionekana kulionea wivu.

Lakini siku ya nne, Gaudensi, walionyesha filamu kutoka Afrika Magharibi, ya mzee mchimba visima anayekataa kuchimba kisima ndani ya ua wa mkubwa mmoja. Waliongea Kifaransa na lugha yao. Hakuna aliyeelewa neno, na hakuna aliyeondoka. Mama mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyu baba ni kama mjomba wangu wa Laela, angalia anavyoshika jembe." Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa kitu. Hiyo ndiyo sinema ninayoipigania kwenye magazeti miaka yote hii: mtu anafanya kazi yake, nasi tunaachwa tumtazame, bila mtangazaji wa kutuambia tufurahi wapi na tuhuzunike wapi.

Siku ya mwisho ikaja filamu yenu.

Nilikwenda nimevaa koti la harusi. Nilikuwa nimewatangazia watu kwamba filamu ya vijiji vipya vya Ufipa imeungwa picha na sauti na ndugu yangu wa damu, mtoto wa baba yangu mdogo. Jina lako lilipotokea ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na nilitamani uwepo. Kisha malori yakaonekana, yakafuata mabati na miti, na watu wetu wakijenga kwenye ule uwanda upande wa Laela. Katibu wa chama akasimama kwenye jukwaa akahutubia. Baada yake wakaonekana akina mama wamepiga magoti, wanapiga makofi, na katikati yao mmoja amefumbua kinywa. Ngoma zikalia. Wanawake wakaimba kwa furaha, na mtangazaji akasema, "Akina mama wa Ufipa wakishangilia maisha mapya."

Yule wa katikati ni dada yangu Dominika.

Wewe uliondoka huku ukiwa mtoto wa miaka saba, kwa hiyo siamini kwamba ulimtambua. Siamini pia kwamba uliyajua makofi yale. Huku kwetu, mgeni wa heshima akiingia msibani, wanawake wanapiga magoti na kumpokea kwa makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, sauti yake nzito kama ya mlango wa mbao unaofungwa. Hatumshangilii mtu. Tunamwambia tumekuona, karibu kwenye huzuni yetu. Theodory, mume wa Dominika, alihamia kijijini akiwa mgonjwa wa kifua, akalala kwenye kibanda cha nyasi katika baridi ya Julai ya mwaka jana, akafa wakati wapiga picha wenu wangali wamepiga kambi pale. Katibu alikuja kutoa pole. Wapiga picha wakamfuata. Nilikuwepo. Kamera yao haikuwa na kinasa sauti, kwa hiyo waliondoka na nyuso na mikono, na sauti yetu ikabaki hapa. Ile ngoma ilitoka kwenu. Wale wanawake wanaoimba ni wa wapi, Gaudensi? Hata si Kifipa!

Usinielewe vibaya. Mimi si adui wa vijiji. Nilivitetea kwa kalamu wakati wengine wananong'ona, na nitavitetea tena. Lakini jambo jema halihitaji kilio cha mjane kigeuzwe wimbo. Anayefanya hivyo anatuambia kwamba yeye mwenyewe haliamini. Na kwa hasira ile ningeandika gazetini siku iyo hiyo, kurasa nne. Kalamu niliishika. Nikaona jina lako, nikafikiri wakubwa wa ofisi yenu watamtafuta nani wa kumbebesha lawama, nikaiweka chini. Ndiyo mara ya kwanza kuogopa maneno yangu mwenyewe, na sijui kama ni busara au ni uzee.

Sasa nije kwenye linalonikosesha raha. Zenon, ndugu mkubwa wa marehemu, alikuwa ukumbini siku ile. Alikuja mjini kuuza ulezi, akashawishiwa na wenzake aingie. Kesho yake alinisubiri mlangoni kwangu, hata shikamoo ya Cornelia hakuiitikia.

"Dada yako ameimba udongo wa kaburi ungali mbichi," akasema.

Nikamweleza habari ya kamera, na sauti inavyobandikwa baadaye. Akanitazama kama anayemtazama muuzaji wa dawa bandia.

"Nimemwona kwa macho yangu, nimemsikia kwa masikio yangu. Usinisomee gazeti hapa, Basil. Wewe hata mvua ikinyesha unaibishia."

Nilimjibu kwa ukali, naye akaondoka na uamuzi wake. Unajua, au labda hujui, kwamba baada ya ulezi ndipo tunapomaliza matanga ya mwaka. Ukoo wa marehemu unakusanyika, inasomwa misa, pombe ya ulezi inapikwa, na mkubwa wa ukoo anamfungua mjane kitambaa cha msiba kichwani. Asipofunguliwa anabaki amefungwa, na watoto wanahesabiwa kuwa wa ukoo wa mume. Zenon ametangaza kwamba hatamfungua mwanamke aliyemchezea ngoma ndugu yake, na kwamba siku hiyo atawachukua watoto wa Dominika, Luciana na mdogo wake. Siku imeshapangwa, Jumamosi ya tatu ya Septemba. Wanawake waliopiga magoti pamoja na Dominika wamemsemea, lakini wanajibiwa kwamba na wao walionekana wakicheza. Wazee wengine wananyamaza. Wamesikia kwamba serikali imepiga picha, na picha ya serikali haisemi uongo.

Nilijitahidi Dominika asijue. Ni kazi bure katika nchi ya watu wanaokutana kisimani. Alikuja mjini kwa miguu na kwa lori, akaenda moja kwa moja kwa Zubery kabla hajafika kwangu, akamwomba aione filamu. Zubery, ambaye nimemwita mpotoshaji wa vijana mbele ya watu mara nyingi, hakumtoza kitu. Alifunga milango mchana kweupe, akanitumia mtu aniite, na kabla ya kuwasha mashine akaniuliza taratibu, "Sauti naweza kuifunga. Niifunge?" Nikamwambia aifunge.

Tukakaa watatu katika ukumbi ule mkubwa. Filamu ikapita bila sauti yoyote ila mlio wa mashine. Gaudensi, jaribu na wewe ofisini kwako, nakusihi. Bila ngoma, mtoto mdogo angejua pale ni msibani. Mabega yanasema. Kinywa cha Dominika kinasema pia, maana ukimtazama vizuri unamwona anaita Theodory, mara mbili, kisha midomo inafungwa.

Nilimwambia dada kwamba nitakuandikia uikate sehemu ile, uitoe kabisa, uichome ikibidi. Yeye alimwomba Zubery arudishe mwanzo. Zubery akarudisha, na kwenye malori Dominika akanyoosha kidole. Mimi sikuwa nimemwona. Mwanamume amekaa juu ya mizigo, amejifunga blanketi, ameshika mguu wa kitanda ili kisianguke, anageuka kuitazama kamera, anacheka kidogo kwa aibu. Ni Theodory. Hatuna picha yake nyingine duniani.

"Mwambie asikate," Dominika akasema. "Mume wangu yumo. Na mimi nimo nikimlilia. Aitoe ngoma ya watu tu."

Basi hilo ndilo ninalokuomba, na si lile nililokusudia nilipoanza kuandika. Usiikate picha hata moja. Iondoe ngoma, na maneno ya mtangazaji, na wale waimbaji, uwaache akina mama wetu kimya. Ukishindwa kuwashawishi wakubwa wako kwa ajili ya nakala zote, basi ipatikane nakala moja. Na uje nayo. Barua yako ya Juni ilisema filamu imechaguliwa kwenda kwenye tamasha ng'ambo, na kwamba katikati ya Septemba utapanda ndege pamoja nayo. Najua maana ya jambo hilo kwa mtu wa kazi yako. Mimi mwenyewe ningetoa jino kukaa siku moja kwenye tamasha kama lile. Lakini waamuzi wa huko watawapigia makofi wanawake ambao hawakuimba, na Jumamosi hiyo hiyo dada yako atakuwa amekaa chini mbele ya Zenon. Mimi hanisikilizi, nimeshabishana naye mno. Atamsikiliza mtu mmoja tu, yule aliyeibandika sauti kwa mikono yake, akisema mbele ya ukoo: niliibandika mimi, yeye alikuwa analia.

Zubery ameahidi kuleta mashine na jenereta kijijini kwa lori lake. Nipigie simu ya upepo upesi, hata kwa neno moja, ili nijue nimwambie nini Dominika. Amekaa jikoni na Cornelia wakati nikiandika haya, wanachambua maharage, na kila nikinyanyua kichwa ananitazama.

Msalimie sana Mama Silvana, umwambie huku bado tunamkumbuka kwa maziwa yake ya mgando. Mpe salamu Marsiana na watoto. Cornelia na Dominika wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, njia yoyote utakayoichagua, ila namwomba iwe ya huku.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapofoka,

Basil