Tisa na Tano kwa Hesabu ya Baba

Chumba cha mbele,
Nyumba ya kona, nyuma ya soko la mbao.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na binti yako, meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo lake? Sisi huku tunakula, tunalala na tunagombana, kwa hiyo ujue tu wazima. Kaka aling'olewa jino juzi, akapiga kelele mpaka mkewe akaona aibu mbele ya daktari.

Baba yuko vilevile. Mkono wa kulia haujarudi tangu apate kiharusi, na mguu anauburuza. Maneno yamempotea karibu yote, lakini hesabu haijampotea hata moja. Daktari anasema tumwache ahesabu, ni nzuri kwa ubongo. Daktari halali hapa.

Umeniuliza mara nyingi nakuja lini. Najua mama mwenye karakana ya mapazia ananiwekea cherehani mpaka mwisho wa mwezi tu, kisha anampa mwingine. Nimekaa kimya, si kwamba sitaki. Nataka mpaka naumwa. Nivumilie kidogo nikueleze ya chumba hiki anacholala baba, la sivyo utadhani dada yako amepata mchumba wa siri.

Unakumbuka tulivyokuwa hatupewi sahani mpaka tujibu hesabu ya baba? Tena si ya shuleni, bali ya kwake, ya kiwanda cha penseli. Penseli kumi na mbili pakiti, pakiti kumi na mbili boksi, na katika chumba chake cha kufungashia hapakuwa na kitu kinachoitwa kumi na tatu. Ilikuwa pakiti na moja. Kumi aliiita pungufu mbili, kumi na moja pungufu moja. Nane na nane? Pakiti na nne. Saba mara tano? Pakiti tatu, pungufu moja. Wewe ulikuwa ukipitisha kidole gumba juu ya pingili za vidole vinne, tatu tatu, mpaka pakiti ijae, na huku chakula kinapoa.

Alivyoidharau kumi! Kumi ukiwagawia watu watatu, alikuwa akisema, lazima mmoja anune. Kumi na mbili inawatosha wawili, watatu, wanne, hata sita, na hakuna penseli inayovunjwa. Mimi ikaniingia mpaka nikaandika moja na mbili kwenye mtihani mahali pa kumi na nne, maana kwangu ilikuwa pakiti na mbili, na mwalimu akanipa sifuri kubwa kama sahani. Baba alipoiona karatasi alicheka mpaka akashika mbavu, akaninunulia soda.

Sasa mambo yamegeuka. Yeye ndiye asiyefungua mdomo mpaka ajibiwe. Kila kijiko cha dawa, kila bakuli la supu, hesabu kwanza, na lazima ijibiwe kwa pakiti. Ukikosea anageukia ukutani, na hapo umbembeleze utakavyo, hamezi kitu. Muuguzi alikuja na dawa akaulizwa pakiti toa tano. Akauliza, "Pakiti ya nini, mzee?" Dawa ilirudi kwenye chupa.

Ninayejua kujibu katika nyumba hii ni mimi peke yangu. Kaka yetu hizo hesabu zilimpitia kando, unajua alikuwa akila kwa shangazi kusudi azikwepe. Basi asubuhi, mchana na jioni ni mimi. Sokoni naenda mbio na kurudi mbio. Dirisha linatazama ukuta wa jirani ambao haujapakwa rangi, na nyufa zake nazijua kuliko mistari ya kiganja changu. Sijahudhuria harusi hata moja tangu augue. Kuna siku nakaa pale kwenye kigoda nikimchukia baba yangu mzazi, mdogo wangu, ninavyokwambia. Halafu anatabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo, najichukia mimi.

Ulipoandika habari za karakana nilijipa moyo, nikaamua kumfundisha wifi. Wifi si mjinga, naandika hivi asije akaisoma barua akaninunia. Mpe kumi kumi zake, atakukokotolea upesi kuliko mashine. Lakini pakiti zinamkalia kooni. Nilimpangia njiti za kiberiti mezani, nikamfundisha pingili za vidole, tukaimba kabisa.

"Wifi yangu, kwa nini kumi na nne isiwe kumi na nne, kama ilivyo kwa watu wote?" aliniuliza.

"Kwa sababu baba hali kwa watu wote."

Siku moja nikajibanza nyuma ya pazia nimnong'oneze majibu. Baba ana kiharusi, si kiziwi. Aligeukia ukutani, tukalala naye hajala, na kaka akatugombeza wote wawili.

Kisha nikashusha sanduku langu la safari kutoka juu ya kabati, nikalipangusa vumbi. Baba aliliona. Kuanzia siku ile hesabu zikawa ngumu, zile za wanyapara wa kiwandani. Boksi, toa pakiti tano na saba! Nilihangaika na vidole jasho likinitoka. Pakiti sita na tano, nikapata. Akafungua mdomo, lakini macho yake yalikuwa kwenye sanduku. Nikaelewa kwamba ananishika kwa kitu pekee kilichobaki mkononi mwake.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia bila kuuma maneno, "Baba, mimi si penseli ya kufungwa kwenye pakiti ikae kimya. Kuna kazi inanisubiri, nami nataka kwenda." Sijawahi kumsemesha hivyo maishani. Alifumba macho. Nilitoka nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa mchana wifi ndiye aliyeingia na bakuli, mimi nikabaki mlangoni, endapo atakwama. Baba akamwuliza, "Tisa na tano?"

Hesabu ya kitoto. Tulikuwa tumeirudia na wifi mpaka tumechoka. Wifi akababaika, akatoa ile ya kwake aliyozaliwa nayo: "Kumi na nne."

Nilisubiri ageukie ukutani. Hakugeuka. Alimtazama wifi, kisha akanitazama mimi pale mlangoni, kwa muda mrefu, na kidole gumba cha mkono mzima kikawa kinatembea juu ya pingili. Pakiti na mbili, baba, nilitaka kusema, nikajizuia. Akafungua mdomo. Alikula supu yote, ya kumi na nne.

Wifi alitoka anacheza. Mimi niliingia jikoni nikalia mpaka akadhani nimeungua.

Jana nilimpelekea supu mimi. Nikakaa kwenye kigoda, nikainua kijiko, nikasubiri. Hakuniuliza kitu. Alifungua mdomo tu, kama mtu yeyote anayelishwa na mtu yeyote. Nikamwambia, "Baba, niulize." Akatikisa kichwa. Nikamwomba tena. Akatikisa kichwa tena, mdomo bado wazi, basi nikamlisha.

Nakuja, mdogo wangu. Ni Jumatano, kwa basi la asubuhi. Mwambie mama wa karakana asimpe mtu cherehani yangu. Kaka ameshakata tiketi, na wifi ameshahamishia kitanda chake chumba cha mbele.

Nisalimie shemeji, nibusie binti, na shangazi, tangu ahamie huko kwako hana wa kumchua, mwambie magoti yake nitayachua nikifika. Kaka na wifi wanakusalimu. Nilimwambia baba nakuandikia, akanishika kidole gumba, hajakiachia mpaka sasa, ndiyo maana mwandiko umepinda hapa mwishoni.

Mungu awalinde hapo mlipo, na sisi atuvushe salama. Ukinipokea kituoni usinishangilie mbele za watu.

Ni mimi, dada yako nikupendaye siku zote.