Ua la Mama Ishema

Jumatano, 11 Septemba 1996

Leo Mama Ishema, jirani yangu, ameniachia ua lake. Lile la salon, sebuleni kwake, lenye majani mapana yanayong'aa na ua jeupe moja lililojikunja kama kiganja. Ua la amani, ndivyo walivyomwambia kule Bujumbura alikolinunua. Amelipanda ndani ya kopo la mafuta.

Hakuja kwa sababu ya ua. Alikuja kwa sababu ya mama yake mzee, Gikundiro, ambaye sote tunamwita tate, yaani bibi. Wanyamulenge, watu wao, wameambiwa watoke Uvira. Hapa mtaani Nyamianda mawe yanatupwa juu ya mabati yao kila siku. Mume wa Mama Ishema, Gakunzi, alishapanda milimani, Hauts Plateaux. Yeye anamfuata na watoto, kwa miguu. Tate amevimba miguu, mlima hauwezi.

"Mama Claire," aliniambia, "nishikie mama. Gakunzi atatuma batu bamubebe."

Frédéric, mume wangu, alijibu kabla yangu. Kwamba tutachomewa nyumba. Kwamba sisi pia tuko na mtoto. Hakusema kwa ukali, alisema akiangalia chini. Minye nikanyoosha mikono, nikapokea kopo.

"Basi, ua acha." Ndiyo maneno niliyopata. Kwa mwanamke aliyenishika mkono siku Claire anazaliwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Walienda jana alfajiri. Tate amebaki peke yake. Nyumba imefungwa kufuli kwa nje, ionekane tupu. Ninampitishia ugali wa bukari na vidagaa vya ndagala kwenye tundu la uzio wa matete, nyuma, karibu na choo. Frédéric anaona sufuria inapungua. Hanizuii.

Ijumaa, 20 Septemba

Majani ya ua yameungua, yana mabaka kama karatasi iliyokaribia moto. Nililiweka dirishani, nikidhani jua litalifurahisha. Nilimnong'oneza tate kupitia matete. Akacheka chinichini.

"Weye unalianika kama ndagala?"

Akanieleza. Ndani, penye mwangaza, lakini jua lisiliguse. Maji ni mpaka udongo ukauke juu. Na Claire asitafune majani, yatamchoma ulimi.

Kisha akauliza kama iko habari za mlimani. Nikasema hapana.

Jumapili, 29 Septemba

Sasa nimezidisha maji. Majani ya chini yamekuwa manjano na udongo unanuka. Siwezi kukaa bila kulifanyia kitu lile ua, ndiyo shida yangu. Kila nikimfikiria tate gizani mule, nachukua kikombe namwagilia.

Tate akasema nimletee. Nikapanua tundu kwa mikono, nikapitisha kopo zima. Nilisikia kisu chake kinakata mizizi iliyooza, taratibu, na yeye anaimba wimbo wa kanisa lao kwa pua. Lilirudi na udongo mpya, majani yamefutwa kwa kitambaa chenye maji, moja moja.

Nilibaki naliangalia tundu. Ningelipanua kidogo tu zaidi, lingepitisha muntu.

Jioni nilimwambia Frédéric tate aje alale chumba cha Claire. Akasema: "Wacha wiki hii ipite." Hakukataa. Nikafurahi kwamba hakukataa. Nikangoja.

Jumanne, 8 Oktoba

Wamemchukua.

Ilikuwa mchana. Frédéric kazini, kwenye bandari ya Kalundu. Claire amelala. Nilikuwa salon nafuta majani kama nilivyofundishwa. Camionnette, gari dogo la mizigo, ikasimama barabarani, vijana wakashuka, sauti nyingi. Wawili niliwajua, ni watoto wa hapa hapa. Walivunja kufuli kwa nyundo.

Nilisimama nyuma ya rideau ya dirisha na kitambaa mkononi. Sikutoka. Nilijiambia Claire amelala. Nilijiambia kama watampiga nitatoka. Hawakumpiga. Walimbeba kwa makwapa, viatu vyake vinaburuzika mchangani. Alipita mbele ya mlango wetu, karibu kabisa, ningeweza kusema jina lake bila kuinua sauti. Hakugeuza uso. Aliangalia mbele tu, kana kwamba nyumba hii hakuwahi kuijua.

Mwanzo nilidhani ni hasira. Saa hii, nikiandika, nadhani alikuwa ananificha.

Nani aliwaambia? Labda walisikia kikohozi. Labda waliniona minye, na sahani zangu.

Nizigama, mwenye duka pale kona, anasema wanawapeleka mpakani, wavuke. Mwingine pale dukani akamwambia: wapi, hawafiki huko. Frédéric aliporudi nilimwambia. Akakaa kitandani na viatu vyake. "Tulisema wiki ipite," akasema. Wiki ilikuwa imepita.

Ijumaa, 25 Oktoba

Risasi tangu jana. Tuko chini ya kitanda. Mabomu upande wa ziwa. Claire ana homa.

Jumatano, 30 Oktoba

Kumetulia. Askari wengine mjini, Wanyamulenge wamo kati yao, wale wa zamani wamekimbilia kusini. Nilitoka salon mara ya kwanza. Ua limelala chini lote, majani yananing'inia kuzunguka kopo kama majani ya sombe yaliyochemshwa. Nikasema limekufa, na kweli nilipata nafuu kidogo. Nikalimwagia hata hivyo.

Kufikia jioni limesimama. Zima kabisa. Nililikasirikia, sijui kwa nini. Nilitaka likatae maji yangu.

Jumapili, 10 Novemba

Mama Ishema amerudi.

Nilikuwa naanika nguo. Amekonda, amefunga kitambaa cha mtu mwingine kichwani. Tulishikana, akalia, nikalia. Alikuwa ameshaona kufuli iliyovunjika. Aliingia salon, akaona ua limetoa maua mawili mapya. Akagusa jani. "Umelitunza, Mama Claire. Asante." Nilitamani ardhi inifunike.

Akakaa. "Mama alienda na nani?"

Frédéric, tena, alijibu kabla yangu. Kwamba siku ile hatukuwepo, tulikuwa Kalundu wote watatu. Kwamba tulikuta mlango wazi. Alisema vizuri sana. Nadhani aliyapanga maneno hayo siku nyingi.

Mama Ishema hakumtazama. Alinitazama minye. "Kweli?"

Nikasema ninaenda kuleta maji ya kunywa. Niliporudi na kikombe alikuwa ameshasimama. Alisema anakwenda kufagia kwake kwanza, atarudi tuzungumze, sisi wawili. Ua hakulichukua.

Frédéric anasema nikibadilisha maneno sasa, tumekwisha. Kwamba wenye bunduki siku hizi ni ndugu za Mama Ishema. Kwamba ukweli hautamrudisha tate. Huenda yote ni sawa. Lakini yule mama hata hajui kama aombe Mungu mzazi wake arudi, au aombee roho yake. Na minye najua ni saa ngapi, gari gani, watoto wa nani.

Nasikia ufagio upande wa pili. Umesimama. Umeanza tena.

Sasa umenyamaza. Mlango wao umelia. Frédéric amekuja kusimama hapa, kati yangu na salon, anasema nibaki chumbani, atamwambia ninaumwa.

Mama Ishema anabisha hodi. Anaita jina langu, si la Frédéric. Naweka kalamu chini —